Tunadeki Huku Bomba Linamwaga

Ukikulia Tanga kama mimi lazima uliambiwa kwamba madafu yanaleta mabusha. Ukishika dafu la tatu bibi anakuangalia hivi, afu anamwangalia yule mzee jirani anayetembea ametanua miguu, hata huna haja ya kuuliza. Na kwa macho ilikuwa kweli, maana pwani minazi imejaa na mabusha yamejaa, ukipanda Lushoto kule hakuna dafu na hakuna busha, sasa hapo utabisha nini? Nikaja kuingia chuo cha utabibu nikafundishwa kwamba ni minyoo midogo sana inayobebwa na mbu, inakaa kwenye mishipa ya limfu miaka na miaka, dafu halina kesi yoyote ya kujibu. Kitu ambacho hakuna mwalimu aliyenionyesha ni kwamba bibi alikuwa karibu kabisa na sayansi. Aliangalia ugonjwa upo wapi na haupo wapi. Alichokosea ni mtuhumiwa tu.

Habari hii ya bibi na dafu inanirudia kila nikimsoma Denis Burkitt. Wanafunzi wa udaktari wanamjua kama jina la ugonjwa basi, limfoma ya Burkitt (limfoma ni saratani ya seli za kinga), uvimbe wa taya kwa watoto, ukiulizwa inaonekanaje kwenye darubini unajibu kama anga lenye nyota, unachukua maksi zako unaenda kula. Mi mwenyewe nilifaulu hilo swali bila kujua kwamba jamaa alifanya kazi yake hapo Uganda, na kwamba miaka yake ya mwisho mwisho alizunguka dunia akiwaambia madaktari wenzake kwamba wanahangaika na kitu ambacho sicho. Hayo ya mwisho ndo yaliyonifanya nikae niandike, ila huwezi kuyaelewa bila kuanzia alikoanzia yeye, na alianzia kwenye mabusha.

Ni kweli kabisa. Burkitt alizaliwa Ayalandi 1911, akapoteza jicho moja akiwa na miaka 11, akaanza kusomea uinjinia afu akahamia udaktari. Serikali ya kikoloni ilimkataa mara ya kwanza alipoomba kazi Afrika kwa sababu ya hilo jicho, akaingia jeshini wakati wa Vita ya Pili na ndo akafika huku kwetu, na 1946 akapangiwa Lira, kaskazini ya Uganda. Daktari wa upasuaji, wilaya kubwa, vifaa vya kuungaunga. Akawa anapasua mabusha mengi sana. Sasa daktari wa kawaida ukipasua mabusha mengi unachojifunza ni kupasua busha haraka. Yeye akaanza kuuliza wagonjwa kwao ni wapi, afu akagundua upande wa mashariki wa wilaya karibu wanaume 30 kati ya 100 wana busha, na upande wa magharibi kumpata hata mmoja kati ya mia ilikuwa shida. Wilaya moja, watu walewale, lugha ileile. Nyuma yake walikuwepo mbu na vile vijidudu vyao, hawakusambaa sawasawa.

Kuna kitu kidogo kuhusu baba yake ambacho nakipenda. Mzee alikuwa inginia wa serikali ya jimbo kule kwao, na muda wake wa ziada aliutumia kufuatilia ndege wadogo wanaoitwa robini, anawafunga vipete miguuni ili awatambue mmoja mmoja, afu anachora ramani ya kila ndege anatawala kipande gani cha bustani. Mtoto kakulia nyumba ambayo baba anarudi jioni na karatasi za nani yuko wapi. Sisi tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sasa 1957, Burkitt yuko hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell anamwita wodini amwangalie mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Taya zimevimba, na hazijavimba upande mmoja, ni kona zote nne, juu kulia juu kushoto chini kulia chini kushoto, meno yanacheza, uso haueleweki. Hakuna aliyejua ni nini. Kama ni usaha kwa nini kona nne? Kama ni saratani kwa nini kona nne? Mtoto akarudishwa nyumbani, walishindwa. Wiki chache baadae Burkitt yuko hospitali ya Jinja anazungukia wodi, akatupia jicho nje dirishani (hilo moja alilonalo) akamwona mama amekaa kwenye majani na mtoto, na uso wa yule mtoto ni uleule, kona nne. Akaacha raundi akatoka nje. Akamshika tumbo akakuta na tumboni kuna uvimbe.

Hapo mi nasimama kila nikiisoma. Mmoja ni ajabu ya Mungu, wawili ni ugonjwa. Ni madaktari wangapi wangeacha raundi, na foleni ile, wakatoka nje kwa mgonjwa ambaye hata hajaitwa?

Akarudi Mulago akafukua mafaili na ripoti za maiti, akaona watoto waliokuwa wanaandikiwa saratani ya taya, saratani ya figo, ya ini, ya ovari, kila mmoja kwa jina lake, wengi wao ni ugonjwa mmoja. Akaandika 1958, na wataalamu wa maabara hapohapo Kampala wakaja kuonyesha kwamba ni limfoma. Afu likaja swali lilelile la Lira: upo wapi, na haupo wapi?

Utafiti wake wa kwanza wa hilo swali alipewa paundi 25. Narudia, paundi 25, za kuchapa karatasi yenye picha ya mtoto mwenye uvimbe na kulipia stempu. Akatuma karatasi zaidi ya elfu moja kwenye hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, swali ni moja tu, umeshawahi kuona hii kitu? Majibu yakarudi akawa anachomeka pini kwenye ramani ukutani. Ikatokea mkanda katikati ya Afrika, na mkia unaoshuka kufuata pwani ya mashariki. Akataka kujua mkia unaishia wapi, kwaiyo Oktoba 1961 akanunua gari kuukuu aina ya Ford kwa paundi 250, akachukua wenzake wawili, Ted Williams ambaye alikuwa anajua sana kutengeneza magari, na Cliff Nelson, wakaondoka Kampala kushuka kusini. Wiki kama kumi, maili 10,000, hospitali zaidi ya hamsini, mpaka Afrika Kusini. Tanganyika walipita wiki zilezile nchi inajiandaa na uhuru, watu wanashona bendera, wao wanaingia hospitali moja moja na picha yao mkononi. Gharama ya safari yote ilikuja paundi 678.

Walichorudi nacho ni kwamba ugonjwa unaogopa baridi. Karibu na ikweta ukipanda zaidi ya mita kama 1,500 unapotea, na ukishuka kusini ule mpaka nao unashuka mpaka unakaribia usawa wa bahari. Kumbe haikuwa urefu wa mlima, ilikuwa joto na mvua, na palipo na joto na mvua kuna mbu. Sehemu zenye malaria ya mwaka mzima ndo zenye uvimbe. Bibi yangu angemwelewa huyu mtu kwa dakika mbili.

Upande wa pili wa kisa ulikuwa unaendelea London. Machi 1961, miezi kadhaa kabla ya ile safari ya gari, Burkitt alitoa mhadhara pale, na nyuma ya ukumbi alikaa kijana wa maabara anaitwa Anthony Epstein ambaye kazi yake ilikuwa kirusi cha saratani ya kuku. Alivosikia fununu za mwanzo za joto na mvua akili ikaruka moja kwa moja kwenye virusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili hivi hajapata kitu. Siku moja ndege ikakuta ukungu London ikaenda kutua Manchester, kichupa kikachelewa, kilipofika maji yake yamekuwa kama uji mwepesi, yaani mtu yeyote wa maabara anajua hapo bakteria wameshaingia, mwaga. Epstein hakumwaga. Akaweka tone kwenye darubini akakuta ni seli za uvimbe wenyewe, hai, zinaelea moja moja, na kumbe hivo ndivo zilivotaka kuoteshwa. 1964 yeye na Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr, kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani. Karibu wote tunacho. Ila mtoto akikipata mapema afu malaria ikampiga tena na tena, seli zake za kinga zinazidi kugawanyika mpaka mojawapo inakosea.

Na tiba? Mionzi haikuwepo Afrika Mashariki, kisu hakikusaidia. Burkitt akaomba dawa za kemo kwa makampuni, akawapa watoto dozi ndogo, na uvimbe ukawa unayeyuka kwa siku chache, mtoto aliyeletwa uso haueleweki anarudi kuwa mtoto. Wengine walipona moja kwa moja kwa dozi moja au mbili. Mulago pakawa moja ya sehemu za kwanza duniani kuonyesha kwamba kuna saratani inaponywa kwa dawa tu, na kituo cha limfoma kilichoanzishwa pale 1967 ndo chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Mtu mwingine angeishia hapo. Una ugonjwa wenye jina lako, unakula mihadhara mpaka unakufa. Burkitt akahamia Uingereza miaka ya sitini, na kule kilichomshangaza ni wodi. Aliwakuta wagonjwa ambao Uganda hakuwazoea kabisa. Kidole tumbo, bawasiri, mawe kwenye nyongo, saratani ya utumbo mpana, mishipa ya moyo kuziba, kisukari cha ukubwani. Kwa wenzake hayo ndo magonjwa ya kawaida, ndo maisha, mtu akizeeka anapata. Kwake yeye yalikuwa yanahitaji maelezo, kwa sababu alishafanya kazi karibu miaka 20 sehemu ambayo hayapo. Trowell naye huyohuyo aliandika ripoti 1956 kutoka Mulago kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, mgonjwa mmoja, na ilikuwa habari ya kuchapishwa. Nyuma zaidi 1929 daktari Donnison aliyekuwa upande wa Kavirondo Kusini, Kenya, alipima watu 1,000 presha, akasema kwenye wagonjwa wake kama 1,800 wa miaka miwili hakukuta hata mmoja aliyelazwa kwa presha. Hebu rudi tena usome hiyo sentensi ukiwa umekaa kwenye foleni ya kliniki ya presha Jumatano asubuhi.

Burkitt akarudia mchezo wake uleule, fomu kwa hospitali za misheni, zaidi ya mia, kila mwezi, mmepata kidole tumbo wangapi mwezi huu? Akakutana na daktari wa jeshi la maji, Peter Cleave, aliyekuwa anapiga kelele miaka mingi kuhusu sukari na unga mweupe, akaungana na Walker wa Afrika Kusini, na 1972 wakatoa ile karatasi ambayo mi naiita karatasi ya choo, maana ndo ilivyo. Waliwamezesha watu vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, afu wakakusanya choo kwenye mifuko na kukipiga picha mpaka vipande vitoke. Mabaharia wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 104 kwa siku na chakula kilichukua saa 83 kupita. Wanakijiji wa Uganda gramu 470, saa 36. Siku tatu na nusu kwa siku moja na nusu. Alikuwa anatembea na slaidi za picha za vinyesi anazionyesha mbele ya maprofesa, na msemo wake ulikuwa kwamba nchi yenye vyoo vidogo itahitaji hospitali kubwa. Tofauti aliyoiona yeye ni nyuzinyuzi, yale makapi ambayo kinu kinayatoa na sisi tunashangilia unga umekuwa mweupe.

Mtanzania hapa hahitaji kamusi, tuna dona na sembe. Dona tumeila shuleni kwa kulazimishwa, ina rangi, inakwaruza, ukimaliza shule unaapa hutaigusa tena, na ukianza kupata hela kitu cha kwanza unahamia sembe, nyeupe pee, laini. Mgeni akija ukampikia dona anakuuliza mambo magumu? Kwetu weupe wa unga ni cheo. Sasa hivi mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu, kisukari kimempata daktari kamwambia ale dona, kaenda dukani dona ya pakiti bei imepita sembe, akanipigia simu anacheka, baba yangu we, chakula cha boding kimekuwa dawa ya matajiri.

Lakini nisimfanye Burkitt mtume. Kuna mahali alienda mbali, na watu wanaomnukuu kwenye zile clipu za kuuza unga wa lishe hawalisemi hilo. Kwanza, kulinganisha wodi ya Uganda ya 1950 na ya London ni kazi ya hatari, kwa sababu ili upate saratani ya utumbo ukiwa na miaka 65 inabidi kwanza usife na surua ukiwa na miaka miwili. Wengi hawakufika. Pili, asiyekuja hospitali hayupo kwenye fomu, bibi mwenye bawasiri kijijini aende akamwonyeshe mzungu wa misheni? Labda. Tatu, alikusanya magonjwa mengi mno chini ya mwavuli mmoja, na mengine yamemtoroka: majaribio makubwa mawili ya Marekani yaliyotoka 2000 yaliwapa watu nyuzinyuzi miaka kadhaa, vinyama vya utumboni vikarudi vilevile kama kwa wasiopewa. Vile vifuko vya utumboni ambavyo alisema vinaletwa na choo kigumu, utafiti wa 2012 ulikuta wanaokula nyuzinyuzi nyingi ndo wanavyo zaidi. Inauma lakini ndo hivo. Na hapa ndo namrudia bibi na dafu, ramani inaweza kuwa sahihi na mtuhumiwa akawa siye, au akawa mmoja kati ya wengi.

Ila kiini hakijaanguka. 2015 watafiti walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini wakawabadilishia sahani wiki mbili tu, Waafrika wakala burger na chipsi, Wamarekani wakala ugali, maharage na mboga. Wiki mbili, afu wakachungulia utumbo. Dalili za hatari ya saratani zilishuka kwa Wamarekani na kupanda kwa Waafrika. Na 2019 uchambuzi mkubwa uliofanywa kwa ombi la WHO ulijumlisha tafiti za miaka karibu 40, ukakuta wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanakufa mapema kwa kiwango cha chini, asilimia 15 mpaka 30 pungufu kuliko wanaokula kidogo, na gramu 25 mpaka 29 kwa siku ndo pazuri. Kwaiyo mzee hakuwa anaota.

Basi huko uzeeni ndo akaanza na mfano wake wa bomba. Alikuwa na katuni ya chumba kimefurika, bomba liko wazi linamwaga, na watu wawili wamepiga magoti wanadeki kwa bidii, jasho linawatoka, na bomba liko nyuma yao. Wanaodeki, alisema, ni sisi madaktari. Na kadri tunavyopata dekio la kisasa zaidi ndivo tunavyopongezana zaidi. Alikuwa daktari wa upasuaji anayesema haya, mtu aliyekula mshahara wa kudeki maisha yake yote, afu hakuacha kudeki, wale watoto wa kemo aliwadekia na wakapona. Ndo maana namwamini kuliko wale wanaokwambia hospitali ni biashara ya wazungu, acha dawa kunywa juisi ya majani. Wanaouza juisi wanauza dekio pia, la kwao tu halifanyi kazi.

Sasa tujiangalie sisi. Utafiti wa STEPS wa 2012 Tanzania, ule wa kupima magonjwa yasiyoambukiza, ulikuta kama robo ya watu wazima wana presha, na karibu 1 kati ya 11 ana kisukari. Kutoka Donnison mpaka hapo ni miaka 83, maisha ya mzee mmoja. Na jibu letu limekuwa nini? Tumenunua madekio. Kila kiongozi akizindua hospitali anapigwa picha na mashine, ikiwezekana ya kusafisha damu, na mi sipingi, baba yangu mdogo anakaa kwenye hiyo mashine mara tatu kwa wiki na bila hiyo tungeshamzika. Nilimsindikiza juzi. Masaa manne mazima amelala mkono umenyooshwa, damu inatoka kwa mrija mmoja inarudi kwa mwingine, sista anapita anaangalia namba, kitanda cha jirani kuna kijana wa miaka thelathini na kitu, dereva wa bodaboda, presha ilimla figo bila kujua hata kama ana presha, hakuwahi kupimwa na mtu, mara ya kwanza kufungwa lile kitambaa mkononi ni siku aliyoletwa amevimba miguu. Kile kipimo cha presha ni kifaa cha bei ya soli mbili za viatu ukilinganisha na mashine aliyolazwa nayo. Hilo mi ndo naliona bomba, na naomba nisieleweke vibaya, sisemi kosa ni la kijana kula chipsi zege. Mbu wa Lira hawakuwa kosa la mtu mwenye busha. Kijana anakula kinachouzwa kijiweni saa anayopata hela, na soda imemfikia kijijini kwao kabla ya maji ya bomba, sasa utamlaumu yeye unamwacha nani?

Kinachoniuma zaidi lakini ni kingine, ni vile vitabu.

Nimefanya kazi ya utabibu miaka sita kabla sijaacha, sehemu kubwa kwenye kituo kimoja cha bondeni, skimu ya mpunga, sitataja wapi. Kila kituo nchi hii kina vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za afya, vikubwa kama meza ya kahawa, namba 5 ndo ya wagonjwa wa nje, kila mgonjwa mstari wake, jina, umri, anatoka kitongoji gani, ana nini, kapewa nini. Mwisho wa mwezi mnakaa usiku na kandili au simu mnapiga vijiti, vinne na mmoja wa kukata, malaria wangapi chini ya miaka mitano, kuhara wangapi, mnajumlisha, mnajaza fomu, fomu inapanda wilayani. Burkitt alilipia stempu na kuendesha maili 10,000 kutafuta kitu ambacho sisi kila kituo tunacho mezani. Na kwa miaka sita sijawahi hata siku moja kuona namba imerudi kutoka juu ikiwa na neno lolote zaidi ya mmechelewesha.

Usiku mmoja tunapiga vijiti na sista mmoja mtu mzima pale, mimi nasoma yeye anapiga, tukafika kichocho. Watoto wanaokojoa damu. Yeye akaniambia dokta hebu ngoja, soma na kitongoji. Nikaanza kusoma na kitongoji. Wote, sijui 17 au 18 mwezi ule, wanatoka vitongoji vitatu vya chini ya mfereji mkuu, kule juu ambako wanatumia kisima hakuna hata mmoja, na ni watoto wanaosoma shule moja. Tukarudi nyuma miezi mitatu, hivohivo. Nikachukua kipande cha boksi la glavu nikachora mfereji, shule, kisima, tukaweka nukta. Konokono wanakaa kwenye mfereji, watoto wanavuka na kuogelea wakitoka shule, kitu kiko wazi kama mchana. Nikaandika barua, nikaipeleka mwenyewe na boksi langu kwa aliyekuwa juu yangu wakati ule. Akaliangalia boksi, akaniuliza kama fomu ya mwezi nimeshaijaza.

Nikajaza. Dawa za kichocho zilipokuja kwa kampeni zikagawiwa shule zote sawa, za juu na za chini, watoto wakameza, wakatoka mlangoni wakaenda kuogelea.

Najua kuna watu wazuri wizarani na kwenye vyuo wanafanya kazi hii kwa mifumo mikubwa ya kompyuta, ramani za rangi, na nyingine nzuri kweli, zinafika mpaka kwenye mikutano ya nje. Ila namba zinaondoka tu, hazirudi kituoni. Anayeshika kalamu ya kupiga kijiti hafundishwi kwamba kile kijiti ni swali. Chuoni nilifundishwa kukijaza kitabu namba 5, tena kwa mitihani, sikumbuki hata kipindi kimoja cha kukisoma.

Mi niliondoka, maisha, watoto, mshahara, nafanya kazi nyingine sasa. Mwezi uliopita yule sista kanitumia ujumbe, amebakiza miaka miwili astaafu. Ameandika, dokta shikamoo ya kizee (ye ndo mkubwa, huwa ananitania hivo), lile boksi lako ninalo kabatini, na mi naendelea na nukta, sasa nimeanza na za presha maana zimekuwa nyingi, ila hizi hazikai upande mmoja kama kichocho, zimesambaa barabara nzima kuanzia kilipowekwa kituo cha mabasi kwenda mbele. Nifanye nini nazo?

Nimemwambia aangalie na mwezi huu, na aandike pembeni nani anakula nyumbani na nani anakula stendi.